Mstari Kwenye Fito

Jumatatu, 9 Septemba

Binti yetu Ketsia ameniachia daftari hili kabla ya kurudi Kisangani kwenye masomo yake ya uuguzi. Anasema baba asiyeongea afadhali aandike. Nimemwambia mimi ni seremala, si sekretere. Amecheka, akaniongezea kalamu ya pili. Haya basi. Naitwa Osée, nina miaka hamsini na minne, na karakana yangu iko Shari, nyuma ya nyumba, chini ya mabati ambayo mvua inayapiga tangu asubuhi. Mke wangu Angélique anapukuchua mahindi barazani. Kazi ni vitanda viwili na mlango mmoja.

Alhamisi, 12 Septemba

Leo amekuja Blanchard, kijana anayefanyisha mazoezi watu waliopoteza miguu, kwenye kile kituo kidogo upande wa juu. Anataka pinde sita na mishale ishirini na minne. Nilidhani anatania. Akanieleza kwamba watu wake wanakaa kwenye viti vya magurudumu kutwa nzima, migongo inawauma, na kuvuta upinde kutawapa nguvu mikononi na mabegani. Tarehe tatu Desemba, siku ya walemavu, wanataka kuonyesha mchezo huo uwanjani. Mishale haitakuwa na chuma, ncha zitafungwa mpira. Karatasi ya ruhusa anayo, yenye muhuri.

Kisha akanionyesha video kwenye simu. Mzungu anaingia depo ya mbao, anageuza ubao mmoja mmoja, anachungulia ubavuni, anachagua mmoja wa kawaida kabisa, anaenda nao nyumbani na kutoa upinde. Blanchard akaniambia, "Papa Osée, siri yote iko mu kuchagua mubao. Mistari itoke huku mpaka kule, isikatike mu njia." Nikamjibu kwamba nilikuwa nachagua mbao kabla mama yake hajaolewa. Kazi nimeikubali.

Alipoondoka, Angélique aliuliza yule kijana alitaka nini. Nikasema fito za kutundikia rido, mapazia ya madirishani.

Mdomo ulitangulia kichwa. Miaka sita iliyopita, tulipokimbia vita kule Nizi, mshale ulimpata kwenye bega la kushoto. Mpaka leo mkono huo haupiti sikio. Mwanamke kama huyo ningemwambiaje kwamba nitachonga mishale uani kwake? Alinitazama muda mrefu. "Fito tena?" akauliza. Nikasema ndiyo, fito.

Ijumaa, 13 Septemba

Mvua.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimekwenda depo ya Mama Kahindo, barabara ya Komanda. Huyo mama mzaliwa wa Butembo anajua kuuza. Ukiingia kununua msumari unatoka na mlango. Nilimwomba mbao ya nguvu. Hakuuliza mara mbili, akanipeleka kwenye libuyu: nyekundu, nzito, inayong'aa hata kabla ya randa. "Mbao ya nguvu ni hii, papa. Utalala juu yake weye na bibi, na bajukuu batakuya kulala nyuma yenu." Hakujua ni ya nini, nami sikumwambia. Nilichungulia ubavuni kama yule mzungu, nikaona mistari, nikaona inatosha. Mbao nne nimezifunga kwa turubai. Mji huu wa sasa si wa kupita njiani ukijieleza kwamba unatengeneza pinde.

Jumatano, 18 Septemba

Nimetafuta chuma changu cha fito tangu asubuhi. Ni kipande cha resori, springi ya lori, nilichokitoboa tundu mwaka nilipoanza kazi. Unachonga kijiti, unakigonga kwa nyundo kipite kwenye tundu, kinatoka upande wa pili kikiwa mviringo safi. Tundu lina pengo dogo ukingoni, kwa hiyo kila fito yangu ina mstari mwembamba ulioinuka, kama uzi, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kule Nizi watu walijua kazi yangu gizani, kwa kupapasa tu. Kusema kweli nilijivunia.

Nimekikuta jikoni, chini ya gunia la makaa. Angélique anasema alikitumia kuegemeza sufuria. Sufuria gani inaegemezwa kwa chuma kilichofukiwa chini ya makaa? Nimekipangusa nikarudi kazini.

Alhamisi, 26 Septemba

Upinde wa kwanza umevunjika usoni mwangu.

Nilikuwa nimeuchonga siku tano. Ulikuwa mzuri, wa kutundika ukutani sebuleni. Nilifunga kamba ya nailoni, nikauvuta kidogo kidogo kama Blanchard alivyonielekeza, kila mara nikikwangua utepe mwembamba wa mbao upande wa tumbo, ule unaomtazama mvutaji. Ulipofika nusu nilisikia mlio, na kabla sijaelewa nilikuwa nimeketi kwenye maranda, damu ikinitiririka juu ya jicho. Kipande kimoja kiliruka mpaka kwenye banda la kuku.

Nimekichunguza kile kilichovunjika. Ndani, nyuzi za libuyu hazifuatani. Safu moja inakwenda kulia, inayofuata inakwenda kushoto, zinapishana kama watu sokoni. Kwa nje huoni. Kwa kitanda ni mbao ya mfalme, lakini kwa kitu cha kukunjwa ni uongo mtupu. Miaka thelathini nimekuwa nikiisifia rangi.

Angélique amenisafisha jeraha kwa maji ya chumvi. Akauliza ni fito gani ya rido inayopiga mtu usoni. Nikasema ubao uliteleza.

Ijumaa, 27 Septemba

Wa pili, niliouchonga sambamba na wa kwanza, umevunjika. Pale pale.

Jumatatu, 30 Septemba

Blanchard amekuja na mmoja wa wapiga mishale wake, Fifi, mwanamke wa miaka thelathini hivi, anayeuza vitunguu mbele ya kituo. Miguu yote miwili aliiacha kwenye njia ya Nizi, siku mbaya kama yetu. Angélique alikuwa sokoni, nikashukuru. Fifi aliokota kipande cha upinde, akakigeuza, akacheka kwamba papa anatengeneza kuni za gharama. Kisha akasema, bila kucheka, "Mikono ndiyo miguu yangu sasa. Fanya, papa, siye tunangojea." Nimejisikia mdogo.

Jumamosi, 5 Oktoba

Depo haina kitu. Lori la Mama Kahindo limekwama Marabo kwenye matope.

Jumanne, 8 Oktoba

Bado Marabo.

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo nimekamatwa kama mtoto mwenye sukari mdomoni.

Vile vipande vya pinde nilikuwa nimevitupa kwenye rundo la kuni. Sikufikiri. Asubuhi Angélique alikuwa anapasua kuni, shoka mkono wa kulia, maana wa kushoto haufai. Mlio wa shoka ukakatika. Nilipotoka, alikuwa ameshika ncha ya upinde, kidole chake kwenye kile kimfereji nilichochonga kwa ajili ya kamba. "Rido gani inavutwa na kamba, Papa Ketsia?"

Nikamweleza yote: Blanchard, kituo, Fifi, tarehe tatu. Nikamwambia nilimficha kwa sababu ya bega lake. Alisikiliza mpaka mwisho, macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa kwenye benchi ya kazi. "Na mishale?" akauliza. Nikasema, na mishale. "Na kile chuma?" Nikasema, ndiyo, na kile chuma. Akaendelea kupasua kuni.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku ya pili haongei nami. Amekwenda kununua vitunguu, kilo mbili, wakati nyumbani vipo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Amerudi kuongea, na maneno yake ya kwanza yalikuwa juu ya mbao. Anasema ile libuyu yangu ameipiga shoka siku tatu na haipasuki, inachanika tu kama nyama ngumu. "Kama ni ya Fifi, tafuta mbao yenye inapasuka," alisema. Nikamwambia fundi hukimbia mbao inayopasuka. Akanijibu kwamba yeye amepasua kuni tangu ana miaka saba, na mti unaofunguka moja kwa moja chini ya shoka ndio mti ambao nyuzi zake hazidanganyi. Mimi nakata kwa msumeno, na msumeno unapita popote, hauulizi kitu.

Nilikaa na hayo maneno mchana kutwa. Ana haki, na imeniuma.

Jumamosi, 19 Oktoba

Lori limefika, na tumekwenda depo wote wawili. Angélique alibeba kishoka kwenye kikapu.

Aliomba vipande vilivyobaki vya kila aina, akachuchumaa pale pale mlangoni na kuanza kuvipasua kimoja kimoja. Wateja walisimama kutazama. Mama Kahindo akaweka mikono kiunoni: "Mama, unataka kunipasulia depo muzima?" Angélique hakuinua kichwa. Libuyu ilichanika. Nyeupe moja ambayo jina lake silijui ilimeguka. Akafika kwenye mukaratusi, mbao ya kupaulia nyumba, ambayo sijawahi kuiingiza karakana yangu kwa sababu inapasuka ukiitazama vibaya. Pigo moja, ikafunguka kutoka juu mpaka chini, pande mbili laini, sawasawa. Akaninyooshea. "Ona. Njia yake ni moja."

Tulitumia saa mbili. Yeye alitazama uso wa ubao, mimi ubavu, kisha tukabadilishana. Ubao wenye kifundo tuliuacha. Ubao wenye mistari inayotokea ubavuni kabla ya kufika mwisho tuliuacha, hata kama ulikuwa mnyoofu kama rula. Kati ya mbao sitini hivi tulipata saba, zote za zamani, kavu, za kijivu, zilizokuwa nyuma kabisa zimekaliwa na kuku. Kwa mishale tulichukua sipre, mbao mbili nyepesi. Mama Kahindo alisema katika maisha yake hajaona watu wanaochagua takataka kwa bidii namna ile.

Njiani Angélique alicheka peke yake, akikumbuka sura ya Mama Kahindo. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Nizi. Nampenda huyu mwanamke, na naandika hapa kwa sababu sijui kumwambia.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mukaratusi unakunjika. Nimeuvuta mpaka kidevuni mara hamsini. Haulalamiki.

Jumatatu, 4 Novemba

Pinde sita zimekwisha. Blanchard amezijaribu zote, Fifi ameubusu wa kwake. Angélique aliwapa chai. Kesho kutwa naanza mishale. Mvua haijakatika siku nne na choo cha jirani kimebomoka.

Alhamisi, 7 Novemba

Niandike yote, maana usingizi hautakuja kwa vyovyote.

Jana nilikuwa nimegonga fito tisa za sipre kwenye chuma. Leo asubuhi Angélique aliingia karakana, akachukua moja, akapitisha kidole gumba juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Akaiweka chini, akaingia ndani. Nikasikia sanduku linafunguliwa. Alirudi na kitambaa kilichokunjwa, akakifungua juu ya benchi.

Ndani kulikuwa na mshale. Ulikuwa umekatwa karibu na ncha, mweusi upande mmoja. Sikuwahi kuuona. Siku ile hospitali mimi nilikuwa nje nikimtafuta Ketsia.

"Papasa," alisema.

Sikutaka. Akachukua mkono wangu na kuuweka juu yake. Mstari ulikuwepo, mwembamba kama uzi, kutoka mwanzo mpaka pale ulipokatwa.

"Nilijua tangu siku ile daktari aliitosha mu bega yangu," alisema. "Zile fito mia mbili, ulisema ni ya mustikere. Miaka sita nangojea useme weye mwenyewe."

Mimi nikasema nini? Nikasema, "Chuma kama hii, mafundi wengi iko nayo."

Hakukasirika. Ingekuwa heri angekasirika. Alikunja kitambaa upande huu, upande ule, kwa mkono wa kulia, kama anavyokunja nguo zilizokauka, akaondoka nacho.

Sasa karatasi isikie kile ambacho yeye hakusikia. Kule Nizi, miezi mitatu kabla ya kukimbia, alikuja mtu mwenye viatu safi. Sikumjua. Alitaka fito mia mbili za mviringo, kila moja sentimita themanini, za kutundikia chandarua kwenye kituo cha afya. Mustikere, alisema. Nilifurahi kupata kazi kubwa. Lakini mimi ni mtengeneza vitanda. Najua chandarua kinataka fito ya mita mbili, au mita moja na nusu kama kitanda ni cha mtoto. Sentimita themanini ni chandarua cha paka. Nilijua. Ulimi ulifika mpaka kwenye meno kumuuliza, nikaurudisha, nikapima, nikagonga, nikafunga mafungu ishirini ya kumi kumi kwa kamba ya mgomba. Nilimsaidia hata kupakia.

Hakuna mafundi wengi wenye chuma kama hiki. Pengo lile nililifanya mimi mwenyewe, kwa kutoboa vibaya.

Ijumaa, 8 Novemba

Amepika. Amekula peke yake jikoni.

Jumamosi, 9 Novemba

Vilevile. Mvua.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimechukua tupa na kulipanua tundu mpaka pengo likaisha. Fito zinatoka laini kama kalamu. Zile za mwanzo nimezitia motoni. Nimefanya kazi mpaka jioni, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi nimepumua.

Alhamisi, 14 Novemba

Mishale ishirini na minne ilikuwa imepangwa juu ya benchi, inangoja manyoya. Angélique alipita akienda kuanua nguo. Akasimama. Akachukua mmoja, akauzungusha kati ya vidole, akautafuta ule mstari. Akachukua wa pili na wa tatu.

"Umefuta," alisema.

Nikamwambia nilifikiri itamsaidia asiuone kila siku. Akanitazama namna alivyonitazama siku ile ya fito za rido, na mara hii nikaelewa kwamba alikuwa ananipa nafasi, na siku zote alikuwa ananipa. Nikainama kuokota maranda.

"Sasa kama moja inapotea," alisema, "nani atajua ni ya nani?"

Ijumaa, 15 Novemba

Sikufanya kazi.

Jumapili, 17 Novemba

Kanisani padri alihubiri juu ya kitu ambacho sikukisikia. Nilikuwa nafikiri juu ya fito mia moja tisini na tisa. Moja iko sandukuni mwetu. Zile nyingine ziliingia kwa nani? Miaka yote hii nimejihesabu miongoni mwa waliokimbia. Nilichagua jirani wa kumchukia, nikachagua na sababu ya kumlaumu, kwamba tulichelewa kukimbia tukimngoja akusanye mbuzi wake. Mbuzi wenyewe walikuwa wawili tu.

Jumatatu, 18 Novemba

Ile mishale laini nimeipeleka kwenye maharage, iwe miti ya kupandia. Nimechukua tupa ya pembe tatu, nikachimba pengo upya, mahali palepale kwenye ukingo wa tundu. Fito ya kwanza ilipotoka nilifumba macho na kuipapasa. Upo.

Ijumaa, 22 Novemba

Ishirini na minne tena, kila mmoja na mstari wake. Nimeiacha juu ya benchi makusudi. Angélique amepita, amepapasa mmoja, ameurudisha mahali pake. Leo tumekula meza moja. Nilitaka kusema, nikaomba chumvi.

Alhamisi, 28 Novemba

Blanchard amechukua kila kitu. Ameuliza kwa nini mishale ina mstari, kama ni kosa la chuma anaweza kunitafutia kingine mjini. Nikamwambia ni alama ya kazi, na ukipotea hata mmoja niitwe.

Jumatano, 4 Desemba

Jana ilikuwa siku yenyewe. Uwanja ulikuwa na maji pembeni, wingu jeusi upande wa Komanda. Watu walikuja zaidi ya tulivyotarajia, ingawa wengine walisimama mbali walipoona pinde, na mama mmoja alimshika mtoto wake akaondoka. Simlaumu. Angélique alikuja peke yake, akakaa mwisho wa benchi la mwisho, kitenge kimefunika bega.

Wapiga mishale walikuwa sita kwenye viti vyao, lengo lilikuwa magunia yaliyojazwa majani. Pinde hazikuvunjika. Fifi alipiga gunia mara tatu kati ya nne, na ule wa nne ukapita juu, ukaenda kwenye majani marefu nyuma ya uwanja. Watu waliupigia makofi hata huo.

Baadaye Blanchard alihesabu: ishirini na tatu. Matone yalikuwa yameanza. Akasema tuuache, ni fito tu yenye mpira, haimuumizi mtu. Nikamwambia hapana. Niliingia majanini, nikapiga magoti kwenye matope, nikaanza kutafuta kwa mikono. Walidhani muzee amechanganyikiwa. Fifi alisogeza kiti chake mpaka ukingoni, akaninyooshea upande alikouona ukianguka.

Niliposikia majani yakivunjika nyuma yangu nilijua ni nani. Angélique alikuwa amevua viatu. Alitafuta kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameubana tumboni. Mvua ilitushika vizuri pale.

Yeye ndiye aliyeuona. Aliupangusa kwa kitenge, akapitisha kidole gumba kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, wote wakisikia, "Iko na mustari. Ni ya nani?"

"Ni yangu," nilisema. Sauti ilikuwa ndogo, nikarudia. "Ni yangu. Na ile yenye ilikuingia mu bega kule Nizi, yenye iko mu sanduku, ni mimi niliifanya. Zote mia mbili. Nilijua haikuwa ya mustikere."

Blanchard hakuelewa, alitutazama mmoja mmoja. Fifi alielewa. Niliona namna alivyoshusha macho kwenye upinde uliokuwa mapajani mwake, upinde wa mukaratusi aliokuwa ameubusu, na kuushika kwa vidole viwili kama kitu cha mtu mwingine. Akanigeuzia mgongo wa kiti, akasukuma magurudumu taratibu kwenda kwa wenzake. Hakurudi kuniaga.

Angélique alinipa mkono wa kulia nisimame. Uso wake ulikuwa umelowa, na sijui yapi yalikuwa maji ya mvua. Alitembea mbele yangu mpaka kwa Blanchard, akauingiza mshale ndani ya mfuko pamoja na mingine.

"Ishirini na ine," alisema.